Asiyetunza Kundi Atatunza Mtungi

Mkazi wa mtaa wa Nyamityobora, mjini Mbarara, anunuapo maziwa yake ya asubuhi huenda asiulize yametoka kwa ng'ombe wa aina gani. Kwake yeye maziwa ni maziwa. Lakini katika swali hilo lisiloulizwa limo jambo kubwa linalouhusu urithi wa Uganda, na kwa hakika urithi wa Afrika ya Mashariki nzima.

Kwa miaka mingi nchi ya Ankole imejulikana kwa ng'ombe wake wekundu wenye pembe ndefu. Leo, katika malisho mengi yanayouzunguka mji wa Mbarara, ng'ombe hao wanachanganyika na ng'ombe weusi na weupe wa asili ya Ulaya, Friesian, ambao hutoa maziwa mengi zaidi. Damu hiyo ya kigeni imeenea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni madume chotara wanaoachwa kundini. Njia ya pili ni uhimilishaji. Mbegu ya dume aliye mbali hugandishwa, hutiwa katika mrija mwembamba, huhifadhiwa katika mtungi wa naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha mtaalamu huipeleka hadi zizini na kuipandikiza katika tumbo la ng'ombe aliye kwenye joto. Dume mwenyewe huenda alikwisha kufa miaka kumi iliyopita. Mbegu yake ingali hai.

Utaalamu huu si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Kituo cha uhimilishaji cha Kabete, karibu na Nairobi, kilianzishwa mwaka 1946. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba utaalamu huo huo, pamoja na mbinu nyingine zilizozaliwa nao, ndio unaotumiwa leo kujaribu kuwaokoa wanyama wa porini walio karibu kutoweka katika dunia. Chombo kimoja, basi, kinafanya kazi mbili zinazopingana. Huku kinamrudisha mnyama aliyekuwa anakwisha. Huku kinampunguza mnyama aliyekuwa wa kawaida. Jambo hili linastahili kutafakariwa kwa makini, maana siri ya kufaulu na ya kushindwa haimo katika chombo, imo katika mtu anayekiongoza.

Mfano wa kwanza unatoka mbali. Katika nchi za baridi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini yuko mnyama aitwaye baisani. Ni jamaa wa ng'ombe na nyati, mwenye nundu kubwa begani na manyoya mazito kifuani. Huko Amerika baisani walikuwa mamilioni kwa mamilioni. Wakaja watu wenye bunduki na biashara ya ngozi, na kufikia miaka ya mwisho ya 1880 walikuwa wamebaki pungufu ya 1,000. Huko Ulaya hali ilikuwa mbaya zaidi. Baisani mwitu wa mwisho aliuawa mwaka 1927, na wote walioko Ulaya leo ni kizazi cha wanyama 12 tu waliokuwa wamefungiwa katika bustani za wanyama.

Watu wakajuta, wakaanza kuwahifadhi wale waliosalia. Lakini hata katika kuhifadhi yalifanyika makosa. Kati ya mwaka 1925 na 1928 serikali ya Kanada iliwasafirisha baisani wa nyanda za wazi zaidi ya 6,000, ikawapeleka katika Hifadhi ya Taifa ya Wood Buffalo, ambako waliishi baisani wa misituni. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake yalikuwa kwamba wageni waliwachanganya wenyeji damu, na pia wakawaletea maradhi mawili: kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba. Mpaka leo maradhi hayo yamo katika hifadhi hiyo.

Ugonjwa wa kutupa mimba hauhitaji kuelezwa kwa mfugaji wa Mbarara au Kiruhura. Anaujua. Huwafanya ng'ombe waharibu mimba, na mtu anywaye maziwa yasiyochemshwa huweza kupata homa isiyokwisha na maumivu ya viungo. Katika Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, ugonjwa huo uligunduliwa miongoni mwa baisani mwaka 1917, nao walikuwa wameupata kutoka kwa ng'ombe walioletwa na walowezi. Kwa sababu hiyo baisani wa Yellowstone, ambao nasaba yao ni ya thamani kubwa, hawakuweza kupelekwa mahali pengine kuanzisha makundi mapya. Wafugaji wa jirani walihofia mifugo yao.

Hapo ndipo wataalamu walipotumia mbinu za uzazi wa kusaidiwa. Mbegu ya dume na kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, vinaweza kuoshwa kwa namna ambayo vijidudu vya ugonjwa huondolewa. Kiinitete kilichosafishwa hupandikizwa katika tumbo la mama mzima asiye na ugonjwa. Kwa njia hiyo nasaba ya kundi huvuka mto, na ugonjwa hubaki ng'ambo. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kilifanya kazi hiyo, na tarehe 1 Novemba 2015 kundi dogo la baisani 10, safi na wenye nasaba ya Yellowstone, likaachiwa katika mbuga karibu na mji wa Fort Collins. Huko Kanada, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan wamekuwa wakifanya juhudi za namna hiyo kwa ajili ya baisani wa misituni.

Juhudi za baisani zina maana kwa sababu moja: wenyewe bado wapo. Yako makundi yaliyo hai, wako mama wa kubeba mimba, iko mbuga ya kuwapokea. Sindano ya mtaalamu inasaidia kazi ambayo maumbile yenyewe bado yanaiweza.

Mfano wa pili ni wa karibu, nao ni wa uchungu. Ni habari ya faru weupe wa kaskazini.

Faru hawa hawakuwa wageni Uganda. Makao yao yalikuwa upande wa magharibi wa Mto Naili, katika eneo la West Nile, na kutoka huko walienea hadi Sudan, Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Chadi. Mwaka 1960 walikadiriwa kuwa zaidi ya 2,000. Mwaka 1961 na mwaka 1964 baadhi yao walivushwa mto na kupelekwa katika Hifadhi ya Maporomoko ya Murchison ili wawe salama zaidi. Usalama huo haukudumu. Vurugu zilipoikumba nchi, bunduki zikatapakaa, na thamani ya pembe katika masoko ya ng'ambo ikawa kubwa kuliko sheria. Kufikia mwaka 1983 hapakuwa na faru mwitu hata mmoja aliyesalia Uganda, awe mweupe au mweusi.

Wakabaki wachache katika Hifadhi ya Garamba, kaskazini-mashariki ya Kongo. Mwaka 1984 walihesabiwa takriban 15. Ulinzi ukaimarishwa, na bila ya sindano wala mtungi wo wote, kwa kuzaa tu kama walivyojaliwa, wakaongezeka hadi karibu 30. Kisha vita vikaingia tena. Majangili wenye silaha za kivita wakavuka mpaka, na kabla ya mwaka 2010 Garamba nayo ikawa haina tena faru weupe wa kaskazini.

Wale waliokuwa wamekamatwa zamani na kupelekwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, huko Czechoslovakia ya wakati ule, hawakuzaa vya kutosha. Ndama wa mwisho, jike aitwaye Fatu, alizaliwa mwaka 2000. Mwezi Desemba 2009 faru wanne, madume Sudan na Suni, na majike Najin na binti yake Fatu, walirudishwa Afrika na kupelekwa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, nchini Kenya. Ilitumainiwa kwamba jua, nyasi na nafasi ya nchi yao vingewatia hamu ya kuzaa. Haikuwa hivyo. Suni alikufa mwezi Oktoba 2014. Sudan, dume wa mwisho, alikufa tarehe 19 Machi 2018 akiwa na umri wa miaka 45. Wakabaki mama na binti, chini ya ulinzi wa bunduki mchana na usiku. Na hata hao wawili hawawezi kubeba mimba: mama ana udhaifu wa miguu ya nyuma, na binti ana kasoro katika tumbo la uzazi.

Hapo ndipo ulipoitwa utaalamu. Wanasayansi kutoka Ujerumani, Italia, Jamhuri ya Czech na Kenya walijiunga pamoja, wakiongozwa na taasisi ya Leibniz ya Berlin inayochunguza wanyama wa porini. Tarehe 22 Agosti 2019, katika hifadhi ya Ol Pejeta, Najin na Fatu walilazwa kwa dawa ya usingizi, na kwa sindano ndefu inayoongozwa na picha za mawimbi ya sauti yakatolewa mayai 10. Mayai yakapelekwa kwa ndege hadi maabara ya Cremona, Italia. Huko yakarutubishwa kwa mbegu za madume waliokwisha kufa, zilizokuwa zimegandishwa. Katika mayai yote 10 vikapatikana viinitete viwili tu. Kazi iliendelea, na kufikia mwaka 2024 viinitete vilivyohifadhiwa vilikuwa karibu 30. Mwaka 2021 Najin alipumzishwa kwa sababu ya uzee na afya yake, na tangu hapo mayai yote yamekuwa ya jike mmoja.

Kwa kuwa hakuna mama wa aina yao awezaye kubeba mimba, viinitete hivyo havina budi kupandikizwa kwa jamaa zao, faru weupe wa kusini. Ili kujifunza njia, wataalamu walianza na kiinitete cha faru wa kusini. Tarehe 24 Septemba 2023 kilipandikizwa kwa jike mmoja wa Ol Pejeta. Mimba ikashika. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa faru kushika mimba kwa njia hiyo. Lakini mwezi Novemba mwaka huo huo mvua kubwa zilinyesha, zikafukua vijidudu vilivyolala ardhini, na jike huyo akafa kwa sumu ya vijidudu hivyo. Alipopasuliwa alikutwa na kijusi dume cha siku 70, chenye urefu wa sentimita 6.4. Mwaka 2024 ulipokwisha, hakuna ndama hata mmoja wa faru weupe wa kaskazini aliyekuwa amezaliwa kwa njia hii.

Kazi ya wataalamu hao ni ya kusifiwa. Hata hivyo, ni lazima isemwe wazi kwamba ni kazi ya kuhangaikia majivu baada ya nyumba kuungua. Faru hubeba mimba kwa muda wa miezi 16 hadi 18, na huzaa ndama mmoja. Hata ndama wa kwanza akizaliwa, atahitaji wenzake. Atahitaji kujifunza tabia za aina yake kutoka kwa walio hai, na wanaoweza kumfundisha ni wawili, nao wanazeeka. Zaidi ya yote atahitaji nchi iliyo tulivu. Mtungi wa naitrojeni unaweza kuhifadhi mbegu kwa miaka mingi sana. Hauwezi kuhifadhi amani, wala malisho, wala mwenendo wa mama na mwanawe.

Linganisha na habari ya jamaa zao wa kusini. Mwishoni mwa karne ya 19 faru weupe wa kusini walidhaniwa kuwa wamekwisha, kisha likagunduliwa kundi dogo katika Afrika ya Kusini, pungufu ya wanyama 100. Wakalindwa, wakaachwa wazae. Leo wanahesabiwa kwa maelfu, ingawa majangili bado wanawaandama. Ni kutoka katika kizazi hicho kwamba Uganda nayo ilianza upya. Mwaka 2005 faru wanne waliletwa kutoka shamba la Solio, Kenya, hadi hifadhi ya Ziwa, Wilaya ya Nakasongola. Wawili wengine wakaletwa kutoka Marekani mwaka uliofuata. Na mwaka 2009 akazaliwa ndama wa kwanza katika ardhi ya Uganda baada ya miongo kadhaa. Tangu hapo wamezidi kuongezeka. Tofauti kati ya ndugu hawa wawili, wa kaskazini na wa kusini, haikuletwa na ufundi wa maabara. Mmoja aliokolewa akiwa kundi dogo lililo hai; mwingine akangojewa mpaka wakabaki wawili.

Sasa yafaa kurudi Mbarara.

Ng'ombe wa Ankole si mnyama wa porini, na hayuko katika hatari kama ya faru. Bado anahesabika kwa wingi. Lakini mwezi Septemba 2007, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Interlaken, Uswisi, juu ya nasaba za mifugo, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ilitoa onyo kwamba ng'ombe huyu angeweza kutoweka katika muda wa miaka 20 kama kuchanganywa kwake na Friesian kungeendelea bila mpango. Taasisi hiyo ilieleza pia habari ya ukame uliotangulia. Wafugaji waliokuwa wamebakiza ng'ombe wa Ankole waliweza kuwaswaga mwendo mrefu hadi kwenye maji. Waliokuwa wamewaacha na kuchukua ng'ombe wa kigeni walipoteza mifugo yao yote.

Muda uliotajwa katika onyo hilo umekaribia kutimia, na ng'ombe wa pembe ndefu bado wanaonekana katika malisho ya Ankole. Asiwepo, hata hivyo, wa kudai kwamba onyo lilikuwa bure. Mnyama hatoweki tu kwa kufa. Hutoweka pia kwa kuchanganywa kizazi baada ya kizazi, mpaka pembe zikafupika, kwato zikazoea zizi, na ule uwezo wa kuvumilia kiu na kupe ukapotea bila ya mtu kuona siku ulipopotea. Faru akiuawa mzoga huonekana. Nasaba ikififia haiachi mzoga.

Wako watakaosema: je, mfugaji awe maskini ili pembe za ng'ombe wake ziwe ndefu? Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa hotuba. Ng'ombe wa Ankole hutoa lita chache za maziwa kwa siku, na chotara hutoa mara kadhaa ya hizo. Maziwa ndiyo yanayolipa ada ya shule, ndiyo yanayonunua dawa, ndiyo yaliyoufanya mji wa Mbarara kuwa kitovu cha biashara ya maziwa nchini Uganda. Mfugaji aliyechagua Friesian hakufanya ujinga. Alifanya hesabu.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Ng'ombe wa kigeni anahitaji maji karibu, majani mengi, na kuogeshwa mara kwa mara ili kuua kupe. Katika miaka ya karibuni, kusini-magharibi ya Uganda, kupe wameanza kuzizoea dawa, na mfugaji analazimika kununua nyingine iliyo kali na ghali zaidi. Mvua ikikosekana, maziwa mengi ya mwaka mzuri hayafufui ng'ombe waliokufa mwaka mbaya. Kwa hiyo wafugaji wengine wenye busara wamekata shauri la kufuga makundi mawili mbali mbali: chotara kwa ajili ya soko la maziwa, na Ankole halisi kwa ajili ya nyama, heshima na akiba ya siku za dhiki. Hakuna aliyewafundisha hekima hiyo darasani. Wameirithi kwa watu walioona sotoka ikifyeka ng'ombe wa nchi yao katika miaka ya 1890. Sotoka ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani. Lakini Ankole ilijaa tena ng'ombe zamani kabla ya hapo, kwa sababu walibaki wachache walio hai na wenye nguvu za kuanza upya.

Wako pia watakaouliza kwa nini mali na akili nyingi zitumike kwa ajili ya wanyama, hali binadamu wana shida. Swali hili lina uzito wa pekee katika eneo hili. Kusini-mashariki ya Mbarara, katika Wilaya ya Isingiro, yako makazi ya Nakivale, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao. Leo yana watu wa mataifa mengi: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, wengi wao wakielewana kwa lugha ya Kiswahili. Mtu aliyekimbia bila ya kitu anajua kuliko mwingine ye yote kwamba uhai wa mtu hutangulia.

Lakini mtu huyo huyo anajua jambo lingine. Vita vilivyowafukuza watu katika vijiji vya Kongo ni jamaa wa vita vilivyowamaliza faru wa Garamba. Bunduki haichagui. Inapokosekana amani, mkulima huacha shamba, mfugaji huacha malisho, na mnyama hukosa mlinzi. Na aliyepoteza ng'ombe wake wa mwisho amepoteza pamoja naye maziwa ya watoto, mahari ya kijana na akiba ya uzee. Kulinda wanyama na kulinda watu si kazi mbili zinazogombea mkate mmoja. Mahali palipo salama kwa mtu kulala ndipo palipo salama kwa kundi kulisha. Tena, kuhifadhi mapema ni rahisi. Kinacholigharimu sana taifa ni kungojea mpaka wabaki wawili, halafu kutafuta ndege, maabara na wataalamu wa nchi nne.

Kwa bahati njema, Uganda haianzi na mikono mitupu. Sheria ya Uzalishaji wa Wanyama ya mwaka 2001 iliunda Kituo cha Taifa cha Nasaba za Mifugo, chenye makao yake Entebbe, ambacho huhifadhi na kusambaza mbegu za madume. Kituo hicho kina mashamba yake, na mojawapo ni lile la Nshaara, Wilaya ya Kiruhura, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, wanakotunzwa ng'ombe wa Ankole. Basi mtungi upo, na kundi lipo. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba cha kwanza hakichukui nafasi ya cha pili.

Mambo matatu hayana budi kufanywa. La kwanza, mbegu na viinitete vya Ankole halisi vihifadhiwe kutoka kwa madume na majike wengi, wa koo mbali mbali na wa sehemu mbali mbali. Baisani wa Ulaya, waliotokana na wanyama 12 tu, ni fundisho la kutosha juu ya hatari ya nasaba nyembamba. La pili, mhimilishaji afikapo zizini abebe aina zote mbili za mirija, ya Friesian na ya Ankole bora, na kabla ya kufungua mtungi aulize juu ya maji, malisho na kupe. Pale ambapo nchi ni kavu, mbegu ya kigeni ni mkopo ambao ukame utakuja kuudai. La tatu, mfugaji anayebakiza kundi la Ankole halisi apate faida ya kazi yake, kwa bei nzuri ya nyama na kwa kutambuliwa kuwa mtunzaji wa mali ya taifa. Hifadhi isiyomlipa mhifadhi haidumu.

Uhimilishaji ni mtumishi hodari. Umewavusha baisani mto wa maradhi, na huenda siku moja ukampa Fatu mtoto asiyeweza kumbeba mwenyewe. Lakini mtumishi hapangi safari. Hubeba mzigo aliotwikwa. Akitwikwa mbegu ya kuokoa, ataokoa. Akitwikwa mbegu ya kufuta, atafuta kwa uhodari ule ule, wala hatauliza.

Huko Laikipia, mama na binti wanakula nyasi chini ya macho ya walinzi, na matumaini ya aina yao yamo katika mitungi ya Berlin na Cremona, mbali na ardhi walikozaliwa babu zao. Huko Ankole, matumaini ya ng'ombe wa pembe ndefu yangali yanatembea kwa miguu yake, asubuhi kwenda malishoni na jioni kurudi zizini. Heri yabaki huko.